Hakuna Aliyekufa Kamembe

Tuyishimire aliingia saluni kwangu saa tisa na dakika tano mchana, kichwa kimesukwa upande mmoja, akasema ana dakika thelathini tu.

"Kaa, Maman," nikamwambia. "Thelathini ni nyingi. Nitakumaliza na chai tutakunywa."

Ulikuwa uongo, na Épiphanie, aliyekuwa amekuja kuosha nywele na kuchukua habari za mtaa, alicheka hadi povu likamwingia jichoni.

Huyu Tuyishimire ni sauti ambayo wilaya nzima ya Rusizi, huku Rwanda mpakani na Kongo, inaijua na sura ambayo karibu hakuna anayeijua. Miaka minne amesoma matangazo ya vifo katika Redio Inkombe, hapa Kamembe, ng'ambo ya barabara, hatua mia kutoka kwangu. Ukimsikia akisema "familia ya marehemu," unaacha mwiko ndani ya sufuria na kusogea. Mchumba wake mmoja alimkimbia kwa ajili hiyo hiyo: kila alipomwamkia kwenye simu, kijana aliona jeneza. Nimeambiwa na Épiphanie, na Épiphanie hasemi uongo ila pale hadithi inapouhitaji.

Miaka miwili alimwomba mkurugenzi wake, Valens, ampe saa moja tu ya kitu kingine: muziki wa zamani wa Ulaya, wa violini na piano, halafu jazi. Hatimaye akapewa Jumamosi saa tisa. Jumamosi ya kwanza watu wakapiga simu kuuliza nani amekufa. Ya pili wakapiga tena. Huku kwetu violini zikilia redioni bila maneno, watu hawafikirii wapiga violini. Wanafikiria nani kaanguka, na kama mpaka umefungwa.

Valens akamwambia: "Wakipiga tena, saa yako imekwisha. Unarudi kwenye vifo vyako, na usiniombe kitu kingine."

Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu. Alifungua kipindi kwa maelezo mazuri, akaweka kipande cha dakika arobaini, akavuka barabara nimmalizie kichwa. Fundi wa mitambo na Valens walikuwa kwenye harusi Bugarama. Tuyishimire simu yake aliiacha studio kwenye chaji. Kipande kile kikiisha, mashine haikuwa na kingine, ilimngoja yeye.

Nilikuwa nimesuka mistari miwili niliposikia geti la uani likigonga, kisha mnyororo.

Saluni yangu iko nyuma ya nyumba ya mukecuru Nyirahabineza, bibi mwenye kiwanja. Ukuta ni mrefu, juu una vipande vya chupa, na geti ni moja la chuma. Jumamosi mbili zilizopita alikuwa Mibirizi kwa binti yake aliyejifungua, kwa hiyo kipindi hakukijua. Siku hiyo aliamka usingizini, akawasha redio yake ndogo, akakuta violini katikati.

Nilitoka nikamkuta ameketi kwenye kiti mbele ya geti, redio mapajani. Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la kitenge, fundo juu ya fundo.

"Mukecuru, unafunga geti juu ya nini? Niko na bateja."

"Rudi ndani, Mwavita. Na bateja bako. Hakuna mwenye kutoka hapa mupaka redio iseme."

"Iseme nini?"

"Iseme nani amekufa."

Épiphanie akatokea na taulo kichwani. "Mama, ule ni muziki tu! Ni ya bazungu, banajifurahisha!"

"Hivi njo banajifurahisha?" Mukecuru aliinua redio. Violini zilikuwa zimefika mahali pa kulia kweli, siwezi kudanganya. "Weye ulikuwa Bukavu. Miye nilikuwa hapa."

Mimi nimelelewa Bukavu, Épiphanie pia. Mwaka ule wa tisini na nne, rais alipouawa na redio ikapiga violini tu kabla ya mauaji, sisi tulikuwa upande wa pili wa mto, Kongo.

Tuyishimire alisimama nyuma yetu, nusu ya kichwa misuko, nusu imesimama kama ufagio. Alikuwa ameshatazama saa ya ukutani kwangu. Akamwambia Épiphanie apige studio. Namba ilikuwa inatumika. Akapiga tena: inatumika. Tulielewa sote watatu maana yake, maana nani mwingine angepiga saa ile? Mara ya sita ikapokelewa na Mzee Bimenyimana, mlinzi, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa.

"Miye sijue nani amekufa! Ule mama wa bifo ametoka hapa mbio, hakusema kitu!"

Akakata.

"Yesu wangu," alisema Tuyishimire. "Anaambia batu nimekimbia."

Tuligonga geti, tukaita barabarani. Kwa kawaida hapo kuna pikipiki kumi zinagombea abiria. Hapakuwa na hata moja. Nikachungulia kwenye tundu la bati: muuza maandazi alikuwa anafunga meza yake haraka haraka, redio ya simu sikioni. Dakika kumi na tano zilibaki.

Tuyishimire akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi. "Mukecuru, miye njo wa redio. Ule muziki ni wangu. Nifungulie niende niseme."

Bibi aliinua uso polepole. Sauti ile aliijua.

"Weye njo ule wa bifo!"

"Ndiyo, lakini—"

"Basi sema! Umejificha kwangu juu unaogopa kusema? Ni nani?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mwenye kuweza kuongea redioni yuko ndani, na mwenye ufunguo hafungui mpaka redio iongee. Épiphanie akaninong'oneza tumshike bibi, tufungue fundo. Nilimtazama tu, akashusha macho.

"Bwana yangu alisema anaenda kuuliza," alisema Nyirahabineza, si kwetu, kwa redio. "Asubuhi. Muziki ni huu huu, hauna neno. Akasema, nifungulie, naenda tu kwa jirani kuuliza nani amekufa. Miye njo nilimufungulia. Kwa mukono huu."

Violini ziliendelea. Tuyishimire alikaa chini kabisa, kwenye saruji, akamshika bibi mkono uleule. Alifumba macho. Akavuta pumzi kama anavyovuta redioni kila jioni, saa moja, kabla ya kusoma vifo.

"Redio Inkombe inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki wa Kamembe, Mibirizi, Bugarama na Bweyeye," alisema kwa sauti yake ileile ya marehemu, polepole, "kwamba leo Jumamosi hakuna aliyekufa. Hakuna familia inayolia. Mpaka uko wazi. Anayetaka kutoka atoke, na anayetoka atarudi. Tangazo limeletwa na Tuyishimire, mwenye muziki."

Bibi alimsogezea sikio. "Rudia."

Akarudia. Ndipo vidole vya bibi vikaanza kufungua fundo la kwanza.

Tuyishimire alivuka barabara, meshi nilizomsukia zikimpiga shingoni. Kipande kiliisha akiwa bado njiani. Redio mapajani mwa bibi ilikoroma dakika nzima, tupu, na bibi akaniminya kiganja mpaka kikauma. Kisha ikaja sauti, inahema: "Hakuna aliyekufa. Ninarudia, hakuna aliyekufa." Na nyuma yake saksofoni.

Valens aliporudi kutoka harusini alimnyang'anya saa ile. Jumamosi iliyofuata, saa tisa, hapakuwa na violini wala jazi. Lakini Nyirahabineza alifunga geti vilevile, akakaa na redio, akangoja. Ilipofika saa tisa na nusu akaniomba nimpigie studio.

"Mbona leo hajasema?" alimuuliza mlinzi. "Kuko nani amekufa?"

Hakuwa peke yake. Walipiga kutoka Mibirizi, walipiga madereva wa pale mpakani, Rusizi II. Valens akamrudishia saa yake, kwa sharti sentensi ile isomwe kwanza, na tena katikati.

"Miye nilitaka basikie violini," Tuyishimire aliniambia Jumatatu, kichwa chake mikononi mwangu. "Banangoja bifo tu, Mwavita. Hata pale hakuna."

Nilivuta mstari, akasema aii, nikaendelea.

Siku hizi wateja wangu wa Jumamosi wanajua. Saa tisa kasoro tano mnyororo unalia, na tunangoja, chanuo mkononi, mpaka sauti ya Tuyishimire itutoe.