Upande Unaotazama Ukuta

Nilimkuta baba yangu juu ya stuli kwenye korido, ana miaka themanini na moja, kavaa soksi bila viatu, mkono mmoja umeegemea ukuta na mwingine umeshika kifutio cha penseli.

"Baba, unafanya nini huko juu?"

"Napangusa vumbi."

"Kwa kifutio?"

Akakitazama kile kifutio kama kitu alichopachikwa mkononi na mtu mwingine. Kisha akashuka polepole, akakataa mkono wangu, akaenda jikoni kujifanya anatafuta sukari. Nikabaki chini ya picha aliyotaka kuiteremsha. Ilikuwa picha yangu. Niliichora nikiwa na miaka kumi na tisa, na baada yake sikuchora nyingine.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumamosi ya wiki hiyo jiji lilikuwa linampa tuzo, na sababu ya tuzo yenyewe ndiyo iliyompandisha juu ya stuli.

Baba alikuwa fundi wa fremu. Duka lake lilikuwa nyuma ya posta, chumba kirefu na chembamba ambacho mtu mnene alilazimika kuingia kiubavu. Vioo vilisimama upande mmoja, mbao upande wa pili, na katikati palikuwa na meza iliyojaa makovu ya kisu. Kwa miaka arobaini na minne kila mchoraji wa jiji alipita pale na kazi yake chini ya kwapa. Baba alipima, akakata, akapiga msasa, akaunganisha kona, na mwisho aliinua kazi hadi usawa wa macho na kusema neno moja tu: "Imekaa."

Wachoraji waliondoka wanatabasamu. Walidhani kasifu picha. Mimi, niliyekuwa nafanyia kazi za shule kwenye kona ya meza ile, nilijua anasifu fremu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiona kila siku bila kulitilia maanani. Kabla ya kuziba mgongo wa picha kwa kadibodi, baba alichomoa penseli sikioni, akainama, akaandika kitu. Nilidhani ni vipimo.

Mwaka huo wa tuzo unyevu uliingia kwenye jumba la sanaa la jiji, ikabidi picha za zamani zifunguliwe zote. Msimamizi wa pale, binti mchapakazi anayevaa miwani mikubwa kuliko uso wake, alinipigia simu nikiwa nasahihisha mitihani ya jiografia.

"Dada, unajua kwamba mzee aliandika nyuma ya picha?"

"Ni vipimo hivyo."

"Si vipimo," akasema, na nikasikia anakizuia kicheko. "Njoo uone mwenyewe."

Nikaenda. Walikuwa wamezilaza picha kifudifudi juu ya meza ndefu, na ndani ya kila moja palikuwa na mwandiko wa baba, mdogo na ulionyooka. Tarehe, hali ya hewa, halafu maoni. Nyuma ya picha maarufu ya ng'ombe, kazi ya mchoraji mkongwe ambaye sote tulimwita Profesa ingawa hakuwahi kufundisha popote, baba aliandika: "Jua kali. Ng'ombe hawa wana njaa. Anga liko sawa." Nyuma ya sura ya meya wa zamani: "Pua ni yake. Masikio ni ya mtu mwingine." Nyuma ya chombo cha maua: "Huyu hajawahi kunusa ua."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikafika kwenye nyingine, na kicheko kikaniishia. "Mvua. Aliyeleta kafiwa na kaka yake. Hakusema, picha ndiyo imesema. Nimemwekea kioo kizito." Na nyingine, nyuma ya kazi ya kwanza ya mwanamke ambaye siku hizi picha zake husafirishwa kwa ndege: "Binti kaifunga picha kwa shuka. Mikono inamtetemeka. Atafika mbali akiacha kuomba radhi."

Zilikuwa picha mia mbili na kumi. Msimamizi alisema maonyesho yalikuja yakapita, magazeti yalifungiwa vitafunwa, na hakuna mtu mwingine katika jiji zima aliyeweka kumbukumbu ya nani alichora nini, siku gani, na alikuwa na hali gani alipoileta. Wangetundika arobaini kati ya hizo zikiwa zimegeuziwa ukutani, watu wasome migongo. Na fundi angepewa tuzo.

Nilimpelekea baba habari nikidhani atafurahi. Akakunja uso.

"Wamefungua?"

"Wamefungua, baba."

"Kwa ruhusa ya nani? Nyuma ya picha ni pa fundi. Hiyo ni sawa na kumvua mtu shati njiani. Na Profesa atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi mimi siendi."

Nikamwambia pia kwamba msimamizi anaiomba picha ya kwenye korido. Hapo hata hakufikiri. "Hiyo haitoki," akasema.

Sasa niseme habari ya picha hiyo. Ni mama anapiga pasi dirishani, kabla ya saa ya kwenda kazini. Pasi kaishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia unanyoosha kola ya shati la baba. Niliifanyia kazi wiki saba, kwa siri, na ilipokauka niliipeleka dukani kama mteja. Nilisimama upande wa wateja kabisa. Baba aliitazama, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaitazama tena. Nami nasubiri neno moja.

"Njoo Alhamisi," akasema.

Alhamisi nikaenda. Alinikabidhi picha imefungwa kwa gazeti. "Usiitundike penye jua."

Basi. Hata ng'ombe wenye njaa walipata "imekaa", nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Mimi sikupata. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kichwa kigumu, urithi wa mtu ninayemfahamu vizuri. Picha nikaiacha kwenye korido ya nyumbani, nikaosha brashi, nikagawa rangi zangu kwa jirani, nikajiunga na chuo cha ualimu. Mapenzi yangu yote ya kuchora yaliishia kwenye ramani. Miaka thelathini na mmoja nimechora mito kwa chaki na kuifuta kengele inapolia. Sikumuuliza na yeye hakusema.

Tulipendana sana, hilo lieleweke. Nilipoanza kufundisha alinitengenezea rula ya ubaoni kwa mabaki ya mbao za fremu, akaipiga msasa siku tatu ili isinichome kibanzi. Mpaka leo ninayo. Lakini kuna kitu kilikaa katikati yetu, tukawa tunakizunguka kama meza iliyowekwa vibaya sebuleni.

Kwa hiyo nilipomwona na kifutio, nilielewa. Aliandika kitu kibaya nyuma ya picha yangu na alitaka kukifuta kabla hawajakuja kuichukua. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa na miaka hamsini, mwalimu mkuu msaidizi, na niliingia bafuni kulia.

Ijumaa nilimwambia, "Usipokwenda, watu watasema umewaogopa ng'ombe."

Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni kabla yangu, ndani ya koti lake la sherehe, penseli sikioni. Nilimsihi aitoe, akajitia hamnazo.

Ukumbi ulijaa. Picha arobaini zilitupa kisogo, na watu walipita wakisoma, mara kicheko kona hii, mara kimya kona ile. Mwanamke wa ile shuka alisimama mbele ya mgongo wa picha yake muda mrefu, kisha akatoka nje na kurudi macho mekundu. Baba alijificha nyuma yangu, kama kwamba mimi ni kabati. Lakini Profesa alishamwona. Alikuja na fimbo yake, hatua moja moja, watu wakampisha.

"Fundi."

"Profesa."

"Miaka thelathini na minane nawauliza watu, hawa ng'ombe wamekosa nini? Kila mtu ananiambia ni wazuri." Akainua fimbo kuelekea ukutani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," baba akasema. "Uliulizia fremu."

Profesa alicheka mpaka akaletewa kiti. Alipopata pumzi alimvuta baba na kumkumbatia kwa nguvu, penseli ikadondoka, tukaitafuta watu wanne chini ya viti.

Ukafika wakati wa tuzo. Ilikuwa cheti, na kwa bahati mbaya yao walikuwa wamekitia kwenye fremu. Kitu cha kwanza baba alichofanya ni kukigeuza na kukagua misumari. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha wakampa kipaza sauti.

"Nashukuru," akasema. "Haya niliyaandika nikidhani msomaji ni ukuta. Waliochukia wanisamehe. Waliocheka, asanteni." Akakishusha kipaza sauti. Niliujua mdomo ule ulivyo mzito, nikadhani amemaliza. "Nina sahihisho moja. Kuna picha haipo hapa. Ya mama anapiga pasi. Pasi iko mkono wa kushoto, na ndio mkono wake. Fundi ndiye aliyekosea."

Akarudisha kipaza sauti. Watu wakampigia makofi ya upole, yale wanayopigiwa wazee waliopotea njiani katikati ya sentensi. Msimamizi alinitazama, nikainua mabega. Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto.

Nyumbani hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja kwenye korido, na safari hii aliniachia stuli. Tukailaza picha kifudifudi mezani, juu ya blanketi. Akaniwekea koleo ndogo mbele yangu.

"Fungua wewe. Mimi napika chai."

Nilichomoa misumari, mmoja mmoja. Niliinua kadibodi. Hapakuwa na mistari miwili au mitatu kama kwa wengine. Mgongo mzima ulikuwa umejaa.

Juu kabisa, tarehe ya ile wiki niliyosubiri, na chini yake: "Mvua. Kazi nzuri mno, naogopa kuigusa. Ila pasi kaiweka mkono usio wake, mama yake hutumia wa kulia. Nimwambie."

Siku kumi baadaye: "Nimefungua tena. Jana nilikaa nikamtazama mama yake akipiga pasi. Anashika kwa kushoto. Miaka ishirini na miwili ananinyooshea mashati, sikuwahi kuona. Mtoto kaona. Nimwambie."

Kuanzia hapo kila mstari ulikuwa na tarehe yake na penseli yake, nene, nyembamba, iliyochongwa, iliyokwisha.

"Kaenda chuo cha ualimu. Sijamwambia."

"Nimesafisha kioo. Sijamwambia."

"Mama yake kanigombeza leo. Ana haki. Sijamwambia."

"Wiki ya tatu bila mama yake. Nimefungua nimtazame kwa karibu. Sijamwambia."

Na wa mwisho, herufi zimeyumba: "Mkono unatetemeka. Nitawahi kweli? Sijamwambia."

Nililia, na machozi yenyewe hayakuwa ya aina moja. Nilikuwa na hasira naye, nisidanganye, hasira ya miaka thelathini na mmoja ya chaki. Na nilimpenda wakati huo huo. Jikoni kijiko kilikuwa kinazunguka kikombeni, kinazunguka tu. Chai hiyo ilikuwa imeiva tangu nusu saa iliyopita, na sukari iliyeyuka zamani.

"Baba," nikaita. "Niletee penseli."

Kijiko kikasimama. Akaja, akaichomoa sikioni, akanipa bila kunitazama usoni. Chini ya mstari wa mwisho palibaki nafasi ndogo, upana wa kidole. Nikaandika: "Ameniambia."

Akavua miwani, akaipangusa kwa kola ya koti, akaivaa. Akainama juu ya meza na kusoma neno lile moja kwa muda mrefu, kama alivyoitazama picha yenyewe siku ile dukani. Nami nikasubiri.

"Hujaweka tarehe," akasema.

Nikaweka tarehe.