Pumba za Eliakunda

Mwaka ambao maduka ya Same yalianza kujaa tena, ndio mwaka Eliakunda alipokatazwa sukari. Miaka yote ya foleni aliitafuta kwa udi na uvumba. Sasa imefurika madukani, na nesi Hedwiga anamwambia anayo ya kuzidi mwilini.

"Vidonge usiache hata siku moja," nesi alisema, akimwonyesha mkojo wake uliochemshwa na dawa ya buluu ukageuka mwekundu kama tofali. "Na sembe uipunguze. Kula dona na maharage, na kwenye uji tia kijiko cha pumba, unywe na maji mengi. Makapi huichelewesha sukari kuingia kwenye damu."

Eliakunda akaenda mashineni kwa Vitus, kijana aliyesaga mahindi ya kijiji, akaomba pumba.

"Shikamoo, mama. Pumba za nini?"

"Marahaba. Za kuku," alijibu, kwa kuwa aliona aibu.

"Unao wangapi?"

"Kumi na wawili."

Hakuwa na hata kifaranga. Wiki iliyofuata kuku walifika ishirini, na mwisho wa mwezi arobaini, kwani kila Vitus alipouliza, ulimi ulimponyoka. Jumamosi moja kijana huyo akapanda mlima na tenga mkononi, anataka majogoo wawili wa harusi ya dada yake. Alimkuta Eliakunda uani na bakuli la uji.

"Kuku wako wapi, mama?"

Eliakunda akameza kwanza. "Unaongea naye."

Vitus alitazama bakuli, akamtazama mama, akaketi chini akicheka mpaka akashika mbavu. Eliakunda naye alicheka hadi khanga ikamvuka begani. Alipoeleza yote, Vitus aliomba kijiko, akaonja.

"Ladha ya gunia," alisema. Kisha akarudisha kijiko. "Mama yangu kule Lembeni ana ugonjwa huohuo. Nitamwambia amuulize nesi wa kwao."

Baada ya miezi miwili Eliakunda alirudi kliniki. Safari hii mkojo uliishia kwenye kijani.

"Bado haujabaki buluu kama wa asiye na sukari," alisema Hedwiga, "lakini umetoka mbali. Endelea hivyohivyo, na vidonge vyako."

Eliakunda alipanda mlima akiimba sauti ya alto ya kwaya peke yake, njia nzima, bila aibu. Waliopishana naye walidhani ametoka kilabuni. Mashineni alichuma jani la mgomba, akalipunga mlangoni. Vitus akazima injini ili asikie.

"Rangi hii," alisema Eliakunda, akiruka kama msichana. "Rangi hii hasa, mwanangu."