Sukari ya Kumpa Zilpah Pole

Nyumba ya Zilpah, ukipita Shirere kidogo, haikukosa watu hata siku moja. Alikuwa na redio, birika lisilopoa, na sikio la kupokea umbea wa kila mtu. Alichokosa ni paa. Nyasi zilikuwa zimeoza, na mvua ikinyesha kila mgeni alijua asogeze kiti chake wapi.

"Ngojeni miwa yangu ikatwe," aliwaambia. "Mtakunywa chai chini ya mabati, mvua ikipiga mpaka msisikilizane."

Lakini miwa haikukatwa. Ilitakiwa iondoke ikiwa na miezi kumi na minane. Sasa ilikuwa na ishirini na sita, imetoa maua, imeanza kukauka ndani kwa ndani. Kila akienda kwa afisa wa shamba wa kiwanda cha sukari kuomba kibali cha kukata, alijibiwa kwamba zamu yake haijafika.

Jumapili moja ya mwaka wa tisini na sita, watu wametoka kanisani na kujaa kwake, taarifa ya habari ya saa saba ikataja sukari. Mwalimu Hezekiah, aliyestaafu kazi lakini si kufundisha, akainua kidole.

"Mmesikia? Amerika na Ulaya wamefungiana milango. Huyu hataki sukari ya yule, yule hataki ya huyu. Sasa hiyo iliyofukuzwa mnadhani inalala wapi?"

"Kwa mwenye mlango usio na komeo," akasema Muhonja, jirani wa mpaka mmoja na Zilpah.

"Ndio sisi hao!"

"Mwalimu, hao watu wananijua mimi?" Zilpah akauliza. "Miwa yangu imewakosea nini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akimwangalia Khisa, kiongozi wa wakata miwa, aliyekuwa na tonge la obusuma, ugali wetu, shavuni.

"Khisa, ile ikiungua je?"

"Ikiungua, mama, tunakatanga kesho yake. Ikikaa inachacha. Hiyo haina foleni."

Jumatatu Zilpah alishinda asubuhi na jembe, akisafisha kando ya shamba lake pande zote kama mtu anayepalilia. Saa sita mchana akawasha kiberiti.

Miwa ililia kwa milipuko, majivu yakaruka mpaka kwenye nguo za Muhonja zilizoanikwa. Moto ulipozima, Muhonja alikuwa amesimama mpakani, mikono kifuani.

"Moto wa heshima huu. Umefika kwangu ukasimama kama umeona chifu."

"Ni mvuta sigara amepita hapa."

"Ehe. Na akakupalilia kwanza ndipo akavuta."

Zilpah hakungoja mengine. Alivua ndara, akazishika mkononi, akakimbia mpaka kwa afisa wa shamba. Alimkuta amekaa, muhuri uko mezani, hakuna karatasi ya kugonga.

"Mama, hata ukichoma Kakamega nzima. Kiwanda kimesimama tangu asubuhi. Ghala zimejaa, hakuna anayenunua. Madukani ni sukari ya meli tu, ya kutoka nje."

"Lakini iliyoungua inakatwanga kwanza!"

"Kwanza mbele ya nani? Hakuna wa pili."

"Kitafunguliwa lini?"

Afisa akafungua viganja, akaviangalia yeye mwenyewe kana kwamba jibu lingekuwa humo. Kama angemtukana, Zilpah angalau angepata wa kugombana naye.

Alipitia kwa Khisa. Wakata miwa walikuwa wamekaa kivulini mwa trela, mapanga yao safi.

"Nikate nipeleke wapi, mama?" Khisa akasema kwa sauti ya chini. "Na ni mimi nilikuambia."

Mwenye kinu cha sukari guru naye alikuwa na foleni iliyofika barabarani. Alhamisi, upepo ukivuma, harufu ya siki iliingia mpaka jikoni. Ijumaa mvua ikanyesha juu ya miwa myeusi, na basi.

Jumamosi watu wakaja kutoa pole. Huku kwetu huingii kwa mtu mikono mitupu, na penye msiba au hasara mtu hubeba sukari. Mwalimu Hezekiah alileta nusu kilo. Khisa, bila kumwangalia usoni, akaweka robo. Muhonja alileta kilo mbili. Zilpah akavipanga vifurushi vya karatasi mezani, akafungua kimoja. Nyeupe, chembe ndogo ndogo, si ile ya kwetu ya kahawia.

"Usiniangalie hivyo," Muhonja akasema. "Ya kwetu bei haishikiki. Ulitaka nije nikipunga mikono?"

"Sijasema kitu, dada."

Akapika chai. Ilipoanza kumiminwa, mvua nayo ikaanza, na wageni wakasogeza viti bila kuambiwa. Tone likaanguka mezani, kati ya kifurushi cha mwalimu na cha Khisa, kisha lingine. Zilpah akavikusanya vyote upesi, akavifunika kwa karai ili visiyeyuke.

"Mwalimu, imekolea?"

"Imekolea, mama."

"Ongeza," akasema Zilpah, akiinua ukingo wa karai. "Sukari ni nyingi."