Mchepuo wa Bi Vifungo

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, siku Bi Vifungo alipopanda ngazi za chuo kwenda kuchagua mchepuo, asifike.

Alikuwa mwanafunzi wa jioni wa shahada ya biashara, mtu mzima mwenye duka la vifungo, nyuzi na zipu, na wenzake darasani, wengi wao umri wa wanawe, ndio waliompa jina hilo. Michepuo ilikuwa minne: uhasibu, fedha, masoko na rasilimali watu. Wakubwa wa chuo, kwa kuwa mkubwa asiposumbua mtu hujiona hajafanya kazi, walikuwa wameweka sharti. Mchepuo hauchaguliwi kwa simu wala kwa kutuma mtu. Mwanafunzi apande mwenyewe hadi ghorofa ya nne, asimame mbele ya mkuu wa idara, atamke kwa kinywa chake. Lifti ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi na hakuna aliyeililia. Moyo wa Bi Vifungo ulisimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mkono wake ukiwa bado umeshika chuma cha ngazi.

Mumewe, fundi makochi, alimzika na maneno ya asubuhi ile yakiwa bado masikioni.

“Chagua uhasibu, mama watoto. Mhasibu halali njaa.”

“Baba watoto, wewe pigilia makochi yako,” alimjibu akicheka, huku akitafuta kiatu. “Mchepuo wangu utausikia nikirudi.”

Ndiyo hivyo. Akabaki na nyumba, na nyumba isiyo na mwenyewe ni pango.

Wiki kadhaa zilipita, na siku moja mlinzi wa benki, aliyekuwa akisoma na marehemu, akaja kwenye karakana ya fundi. Alijitupa juu ya kochi lililokuwa halijavishwa kitambaa, springi ikamchoma, akainuka upesi.

“Shemeji, hii ni silaha au kiti?”

“Ni kiti cha wasiobisha hodi. Haya, sema.”

Mlinzi aliivua kofia. “Dada yetu bado anaitwa.”

“Anaitwa na nani?”

“Na walimu. Pale chuoni asiyechagua mchepuo huitwa jina katika madarasa yote manne mpaka achague. Jina lake halijatolewa.”

“Basi mwambieni mwalimu kwamba mtu amekufa! Au walimu wenu hawana masikio?”

“Wanayo, shemeji, na hiyo ndiyo tabu.” Mlinzi aliangalia mlangoni kabla ya kumalizia. “Akiitwa, anaitika.”

Fundi alitaka kumtupia nyundo. Badala yake jioni ile alioga, akavaa shati la kuzikia, akaenda chuoni. Akapanda polepole, akasimama kwenye varanda ya ghorofa ya nne, nje ya darasa la masoko. Ndani mwalimu alikuwa akiita majina. Lilipofika la mkewe, wanafunzi wote waliinamisha vichwa.

“Nipo... nakuja.”

Sauti ilitoka ngazini, chini kidogo, ikihema kama ya mtu aliyebeba gunia. Mwalimu aliweka alama, akaita jina lililofuata, uso mkavu, kama mtu aliyefukuza nzi. Fundi alikimbilia ngazini, akachungulia. Hapakuwa na mtu. Aligusa chuma cha ngazi. Kilikuwa baridi chote, isipokuwa mahali pamoja, upana wa kiganja, palipokuwa na joto.

Kisha darasa la fedha nalo likaita. “Nipo... nakuja.” Likaita la uhasibu, likaita la rasilimali watu, na kila mara pumzi ilikuwa fupi zaidi. Fundi alikaa chini kwenye sakafu. Kaburi alilichimba yeye na ndugu zake, udongo akautupia kwa mikono yake, kumbe mkewe hajapumzika. Angali anapanda.

Asubuhi alimkuta mkuu wa idara na kikombe cha chai, na kando yake kingine kikisubiri zamu.

“Pole sana, mzee.”

“Pole ninazo tele, sikuja kuongeza. Lifuteni jina la mke wangu asiitwe tena.”

“Mwanafunzi hufutwa ndani ya mchepuo wake, mzee. Huyu hana mchepuo. Tumfute wapi?”

“Kote.”

“Kote si mahali.” Mkuu alipuliza chai. “Achague kwanza.”

“Mlimuua kwa ngazi, sasa mnamtaka azimalize?”

Mkuu aliufunga mlango. Na yeye, ilionekana, alikuwa akiisikia ile sauti, maana siku hizi alikuwa akiondoka kabla ya masomo ya jioni. “Tamka wewe kwa niaba yake. Leo jioni aitwe mara moja katika mchepuo huo, ndio utaratibu, nami nitakaa niushuhudie. Kesho namfuta. Hapa nitafumba macho.”

“Alipokuwa hai mlimkataza kutuma mtu!”

“Ndiyo maana nimesema nitafumba macho. Alitaka mchepuo gani?”

Fundi alifungua kinywa, akagundua hajui. Miaka yote ile pamoja, na hajui. Alichokuwa nacho ni ile pumzi tu, fupi, inayokatika. Alitaka ikome.

“Uhasibu,” alisema.

Jioni, madarasa matatu hayakumwita. Ngazi zilikuwa kimya, na fundi, akiwa mlangoni kwa wahasibu pamoja na mlinzi wa benki, alianza kushukuru. Mwalimu akalitaja jina.

“Nipo.”

Haikutoka ngazini. Ilitoka humo humo darasani, kwenye kiti kitupu cha nyuma, na haikuhema hata kidogo. Haikuwa na ile chembe ya kicheko iliyokuwamo katika kila neno alilowahi kulisema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekalishwa. Wanafunzi wa karibu walisogeza viti vyao.

“Shemeji,” mlinzi alinong'ona, “huyo siye.”

“Ndiye,” fundi alisema. “Ndiye, lakini hataki.”

Kiti cha nyuma kilisukumwa. Viatu vilitembea kati ya madawati, vikampita fundi mlangoni, na ubavu wake wa kushoto ukafa ganzi kwa baridi. Mkuu wa idara alikuwa ametoka ofisini, kikombe mkononi. Hatua zilisimama katikati ya varanda, kati yake na fundi.

“Mama watoto,” fundi alisema.

Mkuu alimtazama fundi, fundi alimtazama mkuu, na mwalimu mlangoni akatazama sakafu.

“Nani kati yenu,” ile sauti iliuliza taratibu, “amenichagulia?”