Kikohozi Nilichokifuta

Hadithi yangu ilikuwa na kikohozi, na baba akataka nikitoe.

Sisi ni wajenzi. Baba anapanga matofali, mimi ni kibarua wake: nakoroga saruji, nabeba ndoo, na mchana nikishakula naandika kwenye daftari habari za watu kama sisi. Hadithi nilizosomeshwa shuleni zilijaa watu wenye huzuni wakitazama nje dirishani. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza nani aliliweka hilo dirisha.

Wenzetu wanamwita baba Mzee Timazi, kwa jinsi kuta zake zinavyonyooka. Wasichokijua ni kwamba macho yake yameingia ukungu na miwani haikusaidia kitu. Pimamaji anaiweka juu ya tofali, anakunja uso kitaalamu, lakini kile kiputo cha hewa ndani ya kioo hakioni. Nakiona mimi. Anagonga tofali kwa mpini wa mwiko, taratibu, na kiputo kikitulia katikati nakohoa. Basi. Mwaka mzima nimekohoa, na jengo zima limenipa pole.

Nikakiandika hicho kikohozi. Nilijua ndicho roho ya hadithi. Gazeti la Jumapili lilikuwa linatafuta hadithi za watu wa kazi za mikono, kwa hiyo jioni moja nikamsomea baba, yeye kakaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji moto. Alicheka mpaka tulipofika pale. Kisha akatoa miguu.

"Mwanangu, msimamizi analisoma gazeti hilo."

"Sijataja jina la mtu, baba."

"Fundi haoni, binti yake anakohoa. Atadhani ni nani, mkwewe?"

"Si wewe uliyemfundisha kazi?"

"Ndiyo maana sitaki anione hivi. Na cheo ni cheo, kibarua chetu kitaota nyasi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na mtangaza maradhi, njaa humkuta. Futa."

Hasira zilinipanda, sisemi uongo. Nilimwona mwoga. Halafu nikaviona vidole vyake vikipapasa sakafuni, vikitafuta kandambili zilizokuwa mbele yake, nikafuta. Mahali pa kikohozi nikaweka sentensi mbili za jasho na heshima ya kazi. Nilizichukia tangu dakika ile.

Hadithi ikatoka hivyo hivyo. Jumatatu mchana msimamizi alikuja na gazeti, akaketi juu ya mifuko ya saruji, akaisoma kwa sauti. Vijana walishangilia, wakanitania kwamba sasa nitabebewa ndoo. Walipoinuka kurudi kazini, yeye alibaki nasi.

"Nzuri," akasema, akilikunja gazeti. "Ila jasho kila mtu analo. Kikohozi kimeenda wapi?"

Baba akaacha kutafuna.

"Kikohozi kipi, mkuu?" nikauliza, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Siku ile ulipougua ukashindwa kuja, ukuta wa ngazi ulipinda. Mzee alipoondoka jioni nilivua shati, nikaubomoa kabla haujakauka, nikaujenga upya mwenyewe." Akamgeukia baba, na sauti ikamshuka. "Ungeniambia tu, mzee wangu."

Baba alijifuta mikono kwenye suruali, akainuka, akaurudia ukuta wake. Akatandaza saruji, akalaza tofali, akaweka pimamaji juu yake, akasubiri.

Nilitaka kukohoa. Koo lilikuwa limejaa kilio, hata pumzi haikupita. Baba akagonga kidogo, akasubiri tena.

Msimamizi akainama begani kwake, akakitazama kile kioo kwa muda, akakohoa.

"Pole, mwanangu," baba akamwambia, akanyoosha mkono kuchukua tofali jingine.