"Kwetu" Haionekani

Sindano aliitazama bangili mkononi mwake, akaona taa nyekundu pale palipopaswa kuwa na ya kijani.

Bangili ile ya mpira haikuwa pambo. Sindano, mshonaji aliyepewa jina hilo na mumewe kwa wembamba wa mwili na ukali wa ulimi, alipoteza kusikia utotoni kwa homa, na maneno ya watu aliyasoma midomoni. Mwanawe naye alizaliwa kabla ya siku zake, mapafu hayajakomaa, na mara mbili aliacha kupumua akiwa usingizini. Hospitali ilimruhusu kurudi nyumbani na mtungi wa oksijeni mrefu kuliko ndoo mbili, mrija wa puani usiotakiwa kutolewa, na soksi yenye kifaa cha kupima pumzi. Pumzi ikikatika, soksi hutuma habari kwa mtandao wa nyumbani, na bangili hutikisika mkononi mwa mama, awe jikoni au kwenye cherehani. Taa nyekundu maana yake soksi imepoteza mtandao. Mtoto angeweza kukata pumzi wakati huo huo na bangili isiseme kitu.

Akakaza macho kifuani pa mtoto. Kikapanda, kikashuka. Ndipo akathubutu kupepesa.

Akachukua simu, huku jicho moja likibaki kitandani. Kisanduku cha waifai kilikuwa kimepigiliwa ukutani sebuleni, na kilirusha majina mawili. "Kwetu" lilikuwa la masafa ya chini, la polepole lakini linalopenya kuta. "Kwetu Kasi" lilikuwa la masafa ya juu, lenye mbio nyingi, ila likikutana na ukuta mnene kama wa chumba hiki cha nyuma linabaki na nguvu za kuombea maji. Soksi, kama vifaa vingi vidogo vya aina yake, iliyajua masafa ya chini peke yake. Sindano akafungua orodha ya mitandao. Majirani wote walikuwemo. "Kwetu Kasi" ilikuwepo, kijistari kimoja tu cha mawimbi, inaonekana na kupotea. "Kwetu" haikuwepo. Akafunga orodha, akaifungua tena.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo!"

Mama mkwe alitokea mlangoni na rimoti mkononi.

"Mtandao umekatika," Sindano alisema.

"Haujakatika, mwanangu. Si naangalia tamthilia yangu hapo? Tena leo inateleza vizuri, haigandigandi."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Televisheni ilikuwa ikila ile ya kasi, kwa hiyo kwa mama mkwe dunia ilikuwa salama. Sindano alimwomba akazime kisanduku, asubiri kidogo, akiwashe. Mama mkwe alikwenda, akarudi, akasema taa zote zinawaka. Kwenye bangili taa ilikuwa nyekundu vilevile, na kwenye orodha "Kwetu" haikurudi.

Ikabaki kumwuliza Injinia. Huyu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na kazi yake hasa ilikuwa kunyoa watu nywele; lakini aliwahi kufufua rimoti moja kwa kufuta betri kwa shati, na tangu hapo hakuna kifaa cha umeme nyumbani alichokipita bila kukigusa. Sindano alimwandikia: *Shemeji, Kwetu imepotea. Soksi ya mtoto haifanyi kazi. Nini kimetokea? Haraka.*

Jibu lilikuja upesi. Lilikuwa ujumbe wa sauti.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Sindano aliutazama ule mstari wa mawimbi kwenye kioo, akatamani kulia na kumpasua mtu kichwa kwa wakati mmoja. Akampa mama mkwe simu. Mama mkwe aliiweka sikioni, na Sindano akamwona akibadilika uso.

"Anasema nini?"

"Anasema… ile ya pole aliizima yeye asubuhi. Televisheni ilikuwa ikiikimbilia hiyo, picha inaganda. Mimi nilimlalamikia." Akairudisha simu sikioni. "Anasema mbona alitangaza."

Na kweli alitangaza. Nyumba ile ilikuwa ya watu wa kupaza sauti. Chai tayari, maji yamekatika, nani kachukua ndala zangu, yote yalirushwa kutoka chumba hadi chumba, na aliyerusha akahesabu kuwa ujumbe umefika. Injinia alisimama mlangoni na kofia kichwani, akapiga kelele kuwa ameizima ile ya pole, mwenye neno aseme, akaenda zake kunyoa watu. Mwenye neno alikuwa chumba cha nyuma, ameupa mlango mgongo, akibadilisha nepi. Soksi ilitolewa kwenye chaji muda mfupi tu uliopita, ikatafuta jina lake hewani, ikalikosa.

"Anasema fungua ukurasa wa kisanduku kwa simu," mama mkwe aliendelea, akisikiliza tena. "Namba ya siri imebandikwa chini yake. Uweke alama ya vema kwenye mbili nukta nne, ndiyo ile ya pole. Mimi hayo siyajui, mama."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Lakini ilitakiwa kufanyiwa sebuleni, kwenye namba na ambako "Kwetu Kasi" ilishika vizuri, na mtungi haubebeki, na mtoto haachani na mtungi. Sindano aliogopa kama hajawahi kuogopa. Wiki ya kwanza walipotoka hospitali alimwona mama mkwe kwenye kioo cha kabati akimwambia jirani: *Mtoto mgonjwa na mama asiyesikia, si tunajitafutia msiba? Angenipa mimi nilale naye. Mimi nina masikio.* Lakini mara zote mbili mtoto alipokata pumzi, wenye masikio walikuwepo chumbani na hawakusikia kitu, kwa sababu pumzi ikikoma haipigi kelele. Aliyeona ni yeye.

Na macho ya mama mkwe yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho.

"Mama, weka kiganja hapa," alisema, akauchukua mkono wa yule mama na kuulaza kifuani pa mtoto. "Usiangalie. Sikia kwa mkono. Kikisimama, mpige nyayo kwa kidole, kwa nguvu."

"Mume wangu huyu hataniangusha," mama mkwe alisema, kama alivyozoea kumtania mjukuu wake, lakini midomo yake ilikuwa mikavu.

Sindano alikimbia. Akapanda kiti, akasoma namba chini ya kisanduku, akaikosea, akaikosea tena, vidole vikimpiga chenga. Mara ya tatu ukurasa ukafunguka. Mbili nukta nne: imezimwa. Akaweka alama, akabonyeza, akasubiri huku akimwomba Mungu kwa sauti asiyoisikia.

"Kwetu" likarudi kwenye orodha. Bangili ikawa kijani, ikatikisika mara moja, kama inavyofanya ikipata mtandao.

Kisha ikaanza kutikisika na haikuacha.

Hakukumbuka alivyoshuka kitini. Aliingia chumbani akamkuta mama mkwe amepiga magoti, kiganja palepale kifuani, uso umegeukia mlangoni, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu. Sindano akaushika mguu usio na soksi, akapiga wayo kwa kidole, akapiga tena, akapiga tena. Mtoto akajikunja, akafumbua mdomo, na kifua kikanyanyuka. Akalia. Sindano aliona kilio chake, na bangili ikatulia.

Walikaa sakafuni wote wawili. Rangi ilirudi midomoni mwa mtoto taratibu.

"Nilikuita," mama mkwe alisema. "Kidole nilikisahau. Nilikuita tu, nikakuita mpaka koo likakauka."

"Sikusikia, mama."

"Najua." Machozi yalimtiririka hadi kidevuni. "Miaka yote hii najua. Na bado nikakuita."

Akajifuta uso kwa kanga. Akasogea mpaka mwanga wa dirisha ukaangukia midomo yake, na akayatamka maneno moja moja.

"Nifundishe kukuita."