Hatua ya Kuibia Saa

"Tulia basi, Osiris! Utaimwaga rangi yote." Bibi Mireya alikuwa amekishika kiganja cha mjukuu wake, anampaka rangi ya kucha, njano kali, kidole kimoja baada ya kingine.

"Bibi arusi yuko tayari?" vijana wakapiga kelele kutoka uwanjani.

"Chekeni tu," bibi akawajibu bila kuinua macho. "Mrushaji asipoviona vidole hivi atajuaje arushe mpira gani? Akirusha usio wenyewe, meno yatakayong'oka si yenu, ni ya mjukuu wangu."

Osiris Peguero alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji ishara za vidole katikati ya mapaja. Miaka kumi na sita, mapaja manene, aibu tele. Hapa kwetu mjini Consuelo kila nyumba ina mtoto wa besiboli, na mashamba ya miwa yametuzunguka pande zote kutukumbusha kazi inayomsubiri asiyechukuliwa na timu. Asubuhi hiyo mpimaji wa timu moja ya Marekani alikuwa anakuja kumtazama. Na wapimaji nawajua mimi, hawarudi mara mbili kwa kijana mmoja.

Mwalimu wake, Nicanor, alishindwa kula. Bibi alimletea ndizi za kuponda na vitunguu, mwalimu akazigeuzageuza mpaka zikapoa. Ualimu wenyewe hakuna anayemlipa. Asubuhi hubeba abiria kwa pikipiki, jioni yuko uwanjani na watoto wa watu. Huyu Osiris alimwona kwanza akidaka machungwa sokoni, mama mmoja anarusha kutoka kwenye lori, yeye haangushi hata moja. Akampenda, tusifichane, kuliko alivyowapenda wengine wote. Ndiyo maana akamfundisha wizi.

Wizi wenyewe ulikuwa hivi. Mpimaji hushika saa, akapima tangu mpira ugonge glavu ya mdakaji hadi urushwe na kufika kituo cha pili, kule mkimbiaji wa wapinzani anakokimbilia. Siku ya kupimwa, mara nyingi hapasimami mpigaji. Basi mdakaji akichupa hatua moja mbele, akaupokea mpira mapema, anafupisha njia na saa inamsifu. "Saa haina macho, mwanangu," Nicanor alikuwa akimwambia, na wakalifanyia hilo mazoezi msimu mzima.

Mpimaji aliitwa Evelio, mtu wa hukuhuku, tumbo mbele, maneno machache. Akaketi kwenye kiti cha plastiki pembeni, saa ikining'inia shingoni. Mrushaji akarusha. Osiris akachupa, akadaka, akaachia mpira, nao ukalia paa! ndani ya glavu ya mwenzake kituo cha pili.

Evelio akaitazama saa, akaitikisa. "Nicanor, ndugu yangu, hii saa ni mbovu, au huyu mtoto kameza bunduki?"

"Pima tena, mzee."

Akapima tena. Yale yale. Bibi Mireya akaanza kusali kwa sauti bila kumwonea mtu haya.

"Leo hii nampigia bosi," Evelio akasema. "Haya, nipeni mpigaji asimame pale mbele ya mdakaji. Azungushe gongo kikwelikweli."

Nicanor akasimama ghafla. Mwili wa mtoto ulikuwa umeshajifunza kwenda mbele, wala hauulizi kichwa. Na pale mbele unapoangukia mkono ndipo gongo linapopita. Labda mpigaji angechelewa. Labda. Nicanor akavitazama vidole vyake mwenyewe, vilivyopinda kama tangawizi, vilivyovunjika enzi zake za kudaka na kumrudisha nyumbani angali kijana. Kule kiwanjani Tavito, mpigaji mwenye mabega ya fahali, alikuwa ameshainua gongo.

"Simama! Simameni!" Nicanor akakimbia, ndala moja ikamchomoka njiani. "Osiris, rudi nyuma. Chuchumaa nyuma kabisa."

"Lakini mwalimu, wewe mwenyewe ulisema..."

"Najua nilichosema. Nilikosea. Uache mpira ukufuate."

"Na saa je?" mtoto akanong'ona.

"Saa ipotelee mbali! Mkono ukivunjika, nitamwambia nini bibi yako?"

Evelio alisikia yote.

Mpira ukaja. Gongo likapita kwa mvumo palepale glavu ingekuwa. Osiris akadaka nyuma yake, akainuka, akarusha. Mpira ulikwenda sawa, ila ulikwenda polepole, na mkimbiaji angekuwa ameshafika anajipangusa vumbi. Mara ya pili, hivyo hivyo. Saa ya kijana wa kawaida.

Nicanor akaiokota ndala yake, akaenda nayo mkononi hadi kwenye kiti. "Nimekuibia, mzee. Mtoto hana kosa, kosa ni langu."

"Wangapi umewafundisha hivi?"

"Huyu tu. Huyu nilitaka sana afike."

"Njia ya mwongo fupi, Nicanor." Evelio akageukia uwanja. "Yule niliyemwona mwanzo alikuwa kazi ya mikono yako. Huyu wa sasa bado simjui."

Uwanjani, mrushaji alikuwa ameshaingiwa na hofu. Mpira wake uliofuata ukadunda mavumbini. Osiris akaupokea kwa kifua, pu! Akakiendea kituta anachosimama mrushaji, akamshika bega, akamwambia jambo. Wote wawili wakacheka. Mpira wa pili ukanyooka.

Evelio akavua saa shingoni. "Nishikie hii," akasema, akakiburuta kiti chake polepole hadi nyuma ya mdakaji, akakaa kumtazama kwa macho, mikono magotini.

Nicanor akabaki amesimama juani, ndala mkono huu, saa mkono ule. Saa ilikuwa bado inahesabu. Hakuizima.